Resori Iliyofungwa Ngozi

Nyii, kimya kidogo, halafu ta. Ndivyo ilivyokuwa ikiteremka kutoka Mudende na mzigo wa viazi, na mpaka leo naweza kuitoa kwa mdomo wangu, ingawa meno yamebaki machache, wajukuu wakacheka mpaka wakalala chini. Wanadhani ni ndege. Si ndege. Ni kamyoneti, gari ile ndogo ya kubeba mizigo nyuma ambayo vijana siku hizi wanaiita pikapu, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kioo: MUNGU IKO. Ile nyii ilikuwa kiu ya grisi tu, haina madhara, kama mzee anayelalamikia magoti yake. Ta ndiyo iliyokuwa mauti, na kwa wiki mbili za mwaka ule hapakuwa na mtu Gisenyi nzima, mji wetu wa Rwanda mpakani na Kongo, aliyeisikia ila mimi.

Nimekumbushwa kwa nguvu. Mwezi uliopita tulimzika Bakari, aliyekuwa dereva wake, na siku ya tatu ya matanga nilikuwa ndani na wanawake wenzangu tukichagua mchele, wanaume wako nje chini ya turubai. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia mpwa wake, kijana mwenye sauti ya muadhini, akiwahadithia wageni: "Bamama kumi na mbili bangepanda ile gari kesho yake, kwenda arusi Bugeshi! Muzee akasikia tu kwa sikio, akasema, hapana, resori imevunjika. Akaingia chini yeye mwenyewe na kisu. Donc, ile bamama yote aliokoa ni yeye." Wanaume wakaguna kwa heshima, mmoja akasema Mungu amrehemu. Mkono wangu ukasimama ndani ya mchele. Nikainuka, magoti yanalia, nikatoa kichwa dirishani nikasema: "Siku ile Bakari alikuwa msikitini. Chini ya gari nilikuwa mimi." Halafu yule mpwa, kwa upole wote wa dunia: "Bibi amechoka. Mumupe maji." Na kweli nikaletewa maji, kwenye glasi, na sahani chini yake.

Maji nilikunywa, maana kiu ilikuwapo. Lakini sikuchoka, na akili zangu ziko mahali pake, na sasa nayaandika haya kwa Kiswahili changu cha madarasa matatu na cha miaka niliyokaa Kigoma baadaye. Maneno ya watu nayaacha yalivyokuwa midomoni mwao, hata ile donc ya Kifaransa, yaani basi. Atakayekasirika akasirike akiwa amekaa. Nilimpenda Bakari, nimemlilia machozi ya kweli, si ya kukodi. Ila kumpenda mtu ni jambo moja, na kumwachia masikio yako azikwe nayo ni jambo lingine.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nina miaka kumi na sita, nimekuja kukaa kwa mama mdogo wangu, Mama Sofia, aliyekuwa na hoteli. Hoteli ni jina la heshima. Kilikuwa chumba kimoja cha mbao chenye meza mbili na benchi nne, na sakafu ya changarawe nyeusi ya volkano iliyokuwa ikisaga chini ya viatu. Ukuta wa nyuma tuligawana na gereji ya Bwana Salehe, mwenye magari, na katika ukuta huo palikatwa tundu kubwa kama sinia ili sahani zipite moja kwa moja kwa mafundi na madereva. Asubuhi ilikuwa chai ya tangawizi na maandazi. Mchana ugali wa muhogo, maharage ya mawese, sombe ya majani ya muhogo, na siku za neema ndagala, yaani dagaa, waliokuja wamekauka kwenye magunia kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo. Kupitia tundu lile chakula kilikwenda upande ule na maneno yakaja upande huu. Nilijua nani kagombana na mkewe, nani kanyimwa kibali cha kuvuka kwenda Goma, nani kaota anaendesha basi. Mimi mwenyewe niliota hivyohivyo. Nyuma ya mlango wa jiko nilichora kamyoneti kwa mkaa, na ndani yake mtu mwenye kilemba kama changu, mikono miwili kwenye usukani, anatabasamu. Mama mdogo aliifuta kila Ijumaa, nami nikaichora tena kila Jumamosi.

Kazi yangu ya kwanza pale haikuwa kupika wala kuosha. Ilikuwa kusikiliza. Magari yote yaliyotoka mlimani yalipita kona moja juu ya mji, barabara yenyewe mawe ya volkano matupu, na kila gari lilikuwa na sauti yake. Mama mdogo akiwa amesimama na upawa juu ya sufuria, mimi nilikaa mlangoni nikimtangazia: "Ile ya Mugiriki inashuka, sahani mbili. Ile ya misioni, bapadri bo hawakule hapa. Mungu Iko, sahani tano!" Naye akamimina kwa hesabu hiyo, na gari likiingia uani chakula kilikuwa moto. Sikuwahi kukosea zaidi ya mara mbili. Ndivyo masikio yangu yalivyosoma, bila ubao wala chaki.

Mtu aliyeyagundua ni Mzee Feruzi, fundi mkuu, ambaye sikio lake moja lilikufa siku gurudumu lilipompasukia karibu. Siku moja alikuwa anahangaika na ile nyii ya Mungu Iko. Vijana wawili wanaitikisa kwa nyuma, yeye yuko chini anatega sikio lake zima, hajui inatoka wapi. Mimi nikawa nimebeba karai la maji ya vyombo, na kwa sababu njia ilikuwa finyu nikateleza, maji yote yakamwagika kwenye gurudumu la nyuma. Vijana wakanitukana. Mzee Feruzi akainua mkono. "Nyamazeni. Mutikise tena." Wakatikisa. Nyii imekufa. "Leta karai ingine," akaniambia, "lakini sasa umwage pale nitakuonyesha." Tukaanza hivyo: unamwagia kiungo kimoja, unasikiliza, hakijanyamaza, unahamia kingine. Pale sauti inapokufa, hapo ndipo pakavu. Akapaka grisi, na toka siku ile akaniita Masikio. "Masikio, njo! Hii inasema nini?" Akanifundisha resori ni nini: vyuma vya bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu, vifupi chini, vinavyobeba mwili wa gari ili usivunjwe na mawe. Akanifundisha kwamba kong-kong ni kiungo kilicholegea, kwamba nyii ni ukavu, na kwamba ta, ikija peke yake kwenye kona, ni chuma kilichokatika kinachogusana na mwenzake. Mama mdogo alisema nitakosa mume kwa kunuka grisi. Nilimjibu kwamba mume asiyependa grisi aoe sabuni. Akanipiga kofi dogo la begani, akaenda jikoni kucheka.

Kiangazi kilipofika mwisho, rafiki yangu Mariamu akaposwa na mfanyabiashara wa viazi wa Bugeshi, kule juu kwenye baridi. Ikapangwa kwamba Jumamosi fulani Mungu Iko impeleke bibi arusi na wanawake kumi na wawili, na ngoma zao, na masanduku yao, na mtoto wa jirani mgongoni. Mama mdogo alikuwa katika hao kumi na wawili. Na mimi pia. Sasa Bakari, ambaye mimi nilimwita Kaka Bakari, alikuwa kijana wa kujipenda, shati jeupe hata kwenye vumbi la viazi, na madereva wenzake walikuwa wamemchosha. Ile nyii ilikuwa imerudi, maana barabara ya mlimani inamaliza grisi kama mlevi anavyomaliza pombe. "Bakari," walimwambia kwenye benchi letu, midomo imejaa ugali, "hiyo gari yako inalia kama mubuzi ya Idi. Bibi arusi atafika kwa bwana yake na mubuzi?" "We subiri," Bakari akajibu. "Nitaifunga mudomo."

Na akaifunga kweli. Kulikuwa na mzee mmoja Mudende aliyetengeneza ngoma, mikono yake inajua ngozi kuliko mama anavyojua mtoto. Bakari alimleta na mikanda ya ngozi mbichi ya ng'ombe, imelowa bado, na mzee yule akazizungushia resori zote mbili za nyuma, duara juu ya duara, akivuta kwa meno na goti. Ngozi ikikauka hujikaza kuliko kamba yoyote. Siku mbili za jua, na ukigonga zile resori kwa kidole zikajibu kama ngoma. Mzee Feruzi alizitazama akapandisha mabega. "Ni kazi safi," akasema, "lakini mi sijui kilicho ndani." Bakari akasema kilicho ndani ni amani.

Safari ya kwanza baada ya hapo, Mungu Iko iliingia uani nami sijatangaza kitu. Sahani hazikuwa tayari. Maharage yalikuwa bado yanachemka, na Bakari akachungulia kwenye tundu, meno yote nje: "Masikio! Umekufa?" Wote wakacheka, nami nikacheka pia, lakini kitu kilinichoma. Safari ya pili nilisimama nje kabisa, nikaweka viganja nyuma ya masikio. Kona ya juu: kimya. Mteremko: kimya. Pale barabara inapolalia upande, karibu na mikaratusi, nikasikia, ndogo kama mtu anayetemea mate nyuma ya mlango. Ta.

Niliwaambia. Kwa wiki nzima niliwaambia. Nilimwambia Bakari akasema ni kopo ndani ya boksi la vifaa. Akalitoa kopo, ta ikabaki. Nilimwambia mama mdogo akasema nasikia kwa sababu nataka kusikia. Mwisho nilimwambia Bwana Salehe mwenyewe, alipokuja kunywa chai, na yeye hakuwa mtu wa kuambiwa na wasichana. Akapuliza chai yake taratibu. "Binti, ile resori ni muzima. Lakini sitaki kelele ndani ya uwanja wangu mbele ya arusi. Feruzi! Fanya anavyosema, tumalize." Basi Jumatano, mchana wa jua, watu wote wa gereji wakakusanyika. Gari tupu, imeoshwa. Vijana wakaitikisa. Mimi nikalala chini na mwiko wangu wa ugali, ule mrefu wa mti mgumu, ubapa kwenye chuma, mpini sikioni, kama Mzee Feruzi alivyonifundisha. Nikasikia kitu upande wa kushoto. Nikasema kushoto. Mzee Feruzi akakata ngozi ya kushoto mbele ya wote, mkanda baada ya mkanda, akavifuta vyuma kwa kitambaa, kimoja kimoja.

Vyote vizima. Hata ufa wa unywele hapakuwa.

Nimezeeka nikiona aibu za namna nyingi, za njaa na za vita na za kuhamahama, lakini ile ya Jumatano bado inanipandisha joto usoni. Kijana mmoja akauokota mwiko wangu akauweka sikioni: "Alo? Alo? Resori inasema inataka ugali!" Mwingine akajibu, "Uliza kama na maharage!" Bakari hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuja mpaka nilipokaa, akachuchumaa. "Zaituni, mi nilikuhesabu kama dada yangu. Sasa umenipunguza mbele ya batu. Bwana Salehe ameisha niambia: gari ikiharibika tena mukononi mwangu, nirudishe ufunguo. Na bibi yangu iko na mimba. Unafurahi?" Nikasema sifurahi. "Donc, nyamaza." Jioni mama mdogo, akisugua sufuria bila kunitazama, akanipa habari nyingine: Bwana Salehe amesema nikigusa gari yake tena, tundu la ukutani litazibwa kwa mbao na watu wake watakula kwingine. "Tutakula nini, mwanangu?" akauliza. "Tutakula masikio yako?" Alhamisi yule mzee wa Mudende akarudi, akaufunga upande wa kushoto upya, na jua likaukausha.

Nililia, sikatai. Halafu nikakasirika, na hasira ile ilikuwa na afya. Kwa sababu ta nilikuwa nimeisikia. Kukosea upande hakukuifanya sauti isiwepo. Mtu akikosea nyumba, je, mgonjwa aliyekuwa anakuja kumwona amepona? Alhamisi hiyohiyo Mzee Feruzi alikuja kula amechelewa, peke yake, akaniambia bila kuinua macho kwenye sahani: "Masikio, chuma inatembeza sauti. Unagonga huku, inalia kule. Na gari tupu ni kama mugeni mwenye njaa. Haiwezi kukuambia shida yake. Uipe kula kwanza." Akafuta mikono, akaondoka. Hakusema zaidi, na mimi sikumuuliza zaidi. Usiku ule niliifuta mwenyewe kamyoneti yangu nyuma ya mlango, na kwa mara ya kwanza nikaichora na magunia.

Ijumaa Mungu Iko ilirudi saa sita, imechelewa, viazi mpaka juu ya mbavu, nami nikaisikia pale mikaratusini, ta, wazi kuliko siku zote. Hapakuwa na muda wa kupakua. Wanaume walikuwa wanatawadha kwenye pipa la maji, wanavaa kofia, wanakimbilia swala. Bakari ndiye aliyekuwa wa mwisho, kwa sababu alikuwa na matope ya Mudende mpaka magotini. Akajisugua, akavaa kanzu, akapita mbele ya tundu bila kunisalimu. Mama mdogo na wanawake wote walikuwa kwa Mariamu wakimpaka hina. Gereji ikabaki na kuku wawili, gari na mimi. Maharage yalikuwa motoni. Niliyaongezea maji ili yasiungue, nikachukua mwiko, nikachukua kisu cha samaki, nikapita kwenye lile tundu kichwa kwanza kama sahani.

Sasa nieleze nilichofanya, maana hiki ndicho ambacho hakuna mwanaume uani pale angekifikiria, na hawakukifikiria. Mwanamke wa kwetu akienda sokoni kununua chungu hakitazami tu. Anakiinua, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Chungu kizima kinaimba. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, kinajibu pu, kama mtu mwenye mafua. Jumatano nilikuwa nimesikiliza kama fundi, na gari tupu, ufa umebanwa na ngozi. Ijumaa nikaamua kusikiliza kama mtu wa chungu, na gari imeshiba. Nikalala chali juu ya changarawe, mpini wa mwiko sikioni, na kwa bolti niliyookota nikagonga pale ngozi inapoishia na chuma kinatokeza. Kushoto: ngiii, ndefu, tamu. Nikatambaa upande wa kulia. Nikagonga. Pu. Nikagonga tena, maana nilitaka kuwa mwongo. Pu.

Nakumbuka harufu ya udongo wa viazi ukidondoka usoni. Nilijua vizuri kilichopo. Nikikata na nimekosea tena, tundu linazibwa, mama mdogo anakosa riziki, Bakari anarudisha ufunguo, Mariamu hana gari kesho, na mimi ni mwenda wazimu wa mwiko maisha yangu yote. Nisipokata, kesho jioni wanawake kumi na wawili wanateremka ile kona wakiimba. Hapo nikamfikiria yule mtoto mgongoni, jinsi atakavyokuwa amelala. Nikaanza kukata.

Ngozi iliyokauka ni mti. Kisu kiliteleza kikaniingia kwenye kiganja, hapa, alama ipo, njoo uone wewe mpwa wa Bakari mwenye maji yako ya glasi. Mkanda wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulipokatika mingine ilianza kulia yenyewe, inafunguka mmoja mmoja, nami nikajisukuma kwa visigino kutoka chini, kilemba kikanasa, nikakinyofoa. Ikaja sauti moja kubwa, TA, baba yao wote, na Mungu Iko ikakaa chini upande wa kulia kama mwanamke aliyepewa habari ya msiba. Viazi viwili vikadondoka vikabingirika mpaka miguuni mwangu. Pale ngozi ilipokuwa, chuma kikuu cha juu kilikuwa kimekatika vipande viwili, na mkato wenyewe una kutu sehemu kubwa, maana yake ulikuwapo kabla ya ngozi kufungwa, na sehemu ndogo tu iling'aa, mbichi. Hiyo sehemu ndogo ndiyo iliyokuwa itubebe kesho.

Nilipita tena kwenye tundu, nikafunga mkono kwa kanga, nikakoroga maharage. Wakarudi. Nilisikia viatu vyao, halafu vicheko vyao, halafu vicheko vikakatika. Bwana Salehe akasema taratibu, "Nani amekata?" Nikasogea kwenye tundu. Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Bakari alikuwa amepiga magoti na kanzu yake nyeupe, ameshika ule mkato kwa vidole, anautazama. Akainua kichwa akaniona. Sijawahi kuona macho namna ile ila ya mbuzi aliyeshikwa. Ngozi ile aliifungisha yeye. Ufa ulikuwa chini yake. Akasema: "Mimi, Bwana. Nilisikia kwa njia. Nikakata mbele ya kuja kuswali." Na kwa kuwa yeye ndiye aliyefika msikitini wa mwisho, ikawezekana. Bwana Salehe akautazama mkato, akamtazama yeye, akamgusa bega. "Kumbe uko na masikio," akasema. Nami nikafunga mdomo. Hakuna aliyenifunga, naomba hilo lieleweke. Nilimwonea huruma, yeye na mkewe mwenye mimba, nikampa. Zawadi yangu, nilitoa mwenyewe, kwa hiyo leo nina haki ya kusema ilitoka kwa nani.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya Mzee Feruzi. Viazi vilishushwa, jeki ikawekwa, na kutoka kwenye gari mfu nyuma ya gereji akachukua chuma kikuu kingine, akakipima kwa kamba, akakipanga na wenzake, akakaza bolti ya katikati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akazikata na ngozi za kushoto pia, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Jumamosi tukapanda wote, Mariamu katikati na hina mpaka viwiko, na njia nzima ile resori iliyotoka kwa marehemu ilikuwa inalia nyii, nyii, kwa ukavu wa miaka. Wanawake wakaishika sauti hiyo wakaifanyia wimbo. Bakari mbele alikuwa mwekundu masikio. Jioni, tukiteremka, pale mikaratusini barabara inapolalia upande, nilichungulia chini bondeni, mbali, na mama mdogo akanivuta nguo: "Utaanguka, we mutoto!" Mtoto wa jirani alikuwa amelala.

Bakari hakuwahi kunishukuru kwa mdomo. Ila kila Idi iliyonikuta Gisenyi, mpaka miguu yake ilipogoma, gunia la viazi vya Mudende lilifika mlangoni kwangu, hata nilipohama mtaa, na aliyelileta hakujua kwa nini. Viazi nilikula. Jina langu sikuuza kwa viazi. Mzee Feruzi yeye alikuja Jumapili, akaegemea kwenye tundu, akanipitishia kitu kilichofungwa ndani ya gazeti. Ulikuwa mwiko wangu, niliousahau chini ya gari, umesuguliwa kwa majivu mpaka ukawa mweupe. "Umesahau chombo chako ya kazi," akasema, akaagiza chai.

Jumatatu niliamka kabla ya mama mdogo. Nilipita kwenye tundu, nikaenda kwenye rundo la vyuma vibovu, nikakitafuta kile kipande kirefu cha resori iliyovunjika. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani. Nikapanda juu ya benchi, nikakifunga kwenye boriti ya jiko kwa mkanda mmoja wa ile ngozi, nikakivuta kuona kama kinashika. Mpaka hoteli ile ilipofungwa, kilikuwa kengele ya chakula, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza kilitoka wapi. Lakini asubuhi ile ya kwanza hapakuwa na chakula cha kutangaza. Hata moto sikuwa nimewasha. Nikashika bolti kwa mkono wenye kidonda, nikakigonga mara moja, kwa nguvu zangu zote.

Kuku wakaruka. Ng'ambo ya ukuta mtu akapaza sauti, "Ni nini?" Nilisimama pale juu ya benchi, nikasikiliza mlio ule mpaka mwisho wake.